Mtego wa Askari Kanzu Mtandaoni: Uhakiki wa Hoja za Mahakama katika Rufani za Waliotiwa Hatiani kwa Kuwawinda Watoto

Utangulizi

Katika kesi zinazohakikiwa hapa hakuna mtoto. Kuna askari kanzu aliyeketi mbele ya kompyuta, akijitambulisha kuwa msichana wa miaka 14 au mama mwenye mabinti wadogo, na kuna mtu wa upande wa pili anayemwamini. Maneno yanayopita baina yao huhifadhiwa yote. Kisha mtu huyo hukamatwa, ama mahali walipoahidiana kukutana, ama nyumbani kwake, na mahakama ya mwanzo humtia hatiani. Kinachofuata ni rufani, na katika rufani za namna hii ni nadra mtu kukana kwamba aliandika alichoandika. Mabishano ni juu ya maana ya maandishi hayo: nani aliyaanzisha, yalikusudia nini, na kama yanatosha kuwa jinai.

Kwa sababu hiyo hukumu hizi zinastahili kusomwa kama matini, si kama orodha ya kanuni tu. Jaji wa rufani hamwoni mshtakiwa akitoa ushahidi. Ana kumbukumbu za shauri, zikiwamo kurasa za mazungumzo, na kutoka humo hujenga upya hadithi ya mtu na mtego wake. Makala haya yanashikilia kwamba namna hadithi hiyo inavyojengwa, hasa mahali inapoanzia, huamua matokeo ya rufani kwa kiwango ambacho mahakama zenyewe hazikiri.

Uzito wa jambo hili uko pande mbili. Nchini Marekani, kifungu cha 2422(b) cha Juzuu ya 18 ya sheria za shirikisho kinamwadhibu anayemshawishi mtoto kufanya tendo la ngono, au anayejaribu kufanya hivyo. Tangu mwaka 2006 adhabu ya chini kabisa ni kifungo cha miaka 10, na ya juu ni kifungo cha maisha. Jaji aliyeona kwamba mshtakiwa alivutwa zaidi kuliko alivyovuta hana ruhusa ya kupunguza chini ya miaka hiyo kwa sababu hiyo pekee. Upande wa pili kuna watoto wa kweli, na hakuna polisi mwenye akili timamu atakayependekeza kungoja hadi mmoja wao aumizwe ili ushahidi ukamilike. Hukumu inayopuuza upande mmoja ni dhaifu, hata kama matokeo yake ni sahihi.

Majina ya warufani wa mahakama za chini hayatajwi. Hukumu hizo zinatambuliwa kwa mahakama, mwaka na jaji aliyeziandika. Jina linatajwa pale tu lilipokwisha kuwa jina la kanuni yenyewe.

Suala la istilahi

Kiswahili kinatumia neno mtego kwa mambo mawili ambayo sheria inayatenganisha. Mtego ni mbinu halali ya polisi ya kumpa mhalifu nafasi ya kujidhihirisha. Mtego pia ni tendo haramu la dola kumtengeneza mhalifu ambaye asingekuwapo. Methali inayosema kwamba mtego wa panya hunasa waliokuwamo na wasiokuwamo inaonyesha tatizo vizuri kuliko kamusi nyingi, kwa kuwa swali lote la rufani hizi ni kumtambua asiyekuwamo. Katika makala haya, mtego unabaki kuwa neno la jumla, na pale dola inapovuka mpaka neno linalotumika ni utegaji haramu. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama Tanzania, upungufu huu si wa kinadharia tena. Mahakama itakayoandika kwamba mshtakiwa “alitegwa” bila kufafanua haitakuwa imesema kama polisi walifanya kazi yao au waliiharibu.

Mahali hadithi inapoanzia

Kanuni ya Marekani ina mizizi katika kesi ya Sorrells ya mwaka 1932, ambapo wakala wa kupambana na pombe haramu alimwomba askari mwenzake wa zamani ampatie wiski, akakataliwa, akarudia hadi akapewa. Mwaka 1958, katika kesi ya Sherman, Mahakama ya Juu ilitenganisha mtego uliowekwa kwa asiye na hatia na ule uliowekwa kwa mhalifu. Tangu hapo maswali ni mawili: je, dola ilishawishi? Na je, mshtakiwa alikuwa na mwelekeo wa kutenda kosa kabla ya kushawishiwa? Ushawishi ukishajitokeza, ni juu ya upande wa mashtaka kuthibitisha mwelekeo huo bila kuacha shaka ya maana.

Neno “kabla” ndilo lililogawanya Mahakama ya Juu katika Jacobson dhidi ya Marekani, iliyoamuliwa mwaka 1992 kwa kura 5 dhidi ya 4. Kesi hiyo ilihusu barua za posta, si intaneti, lakini ndiyo mama wa hoja zote zilizofuata. Mkulima wa Nebraska aliagiza mwaka 1984 magazeti mawili yenye picha za wavulana, wakati ambapo kuyaagiza hakukuwa kosa. Sheria ikabadilika. Jina lake likaonekana katika orodha ya wateja, na kwa miezi 26 idara mbili za serikali zikamwandikia kupitia mashirika 5 ya kubuni na rafiki wa kalamu wa kubuni, zikimuuliza anapenda nini na kumweleza kwamba uhuru wa kusoma unashambuliwa. Hatimaye akaagiza gazeti lililokatazwa, akakamatwa. Upekuzi wa nyumba yake haukupata kitu kingine cha aina hiyo isipokuwa yale magazeti ya awali na vitu alivyotumiwa na serikali yenyewe.

Jaji White, kwa niaba ya walio wengi, anaanza hadithi mwaka 1984. Msomaji anakutana na askari mstaafu mwenye miaka 56, aliyegeuka mkulima na kumtunza baba yake mzee. Kufikia aya inayosimulia agizo la pili, msomaji amekwisha kuona rundo la barua na ameanza kumhurumia. Jaji O’Connor, akiwaandikia walio wachache, anaanza mwishoni: mtu huyu alipewa nafasi mbili tu za kununua, na mara zote mbili alinunua. Miezi 26 inakuwa maandalizi tu.

Ukweli wa shauri ni uleule, na hakuna jaji aliyemkosoa mwenzake kwa kupotosha ushahidi. Tofauti yao ya kisheria ilihusu kama mwelekeo hupimwa kabla ya serikali kumkaribia mtu kwa mara ya kwanza, au kabla tu ya kumpa nafasi ya kutenda kosa. Lakini tofauti hiyo haikuzaa simulizi mbili. Ni sawa kusema simulizi mbili ndizo zilizoizaa. Anayeanza mwaka 1984 hawezi kuepuka kuuliza barua zilimfanya nini mkulima. Anayeanza na agizo hana sababu ya kuuliza. Lawama kubwa inayostahili kuelekezwa kwa walio wengi ni kwamba hawakueleza kwa nini mwanzo wao ndio sahihi, waliuchagua, wakaendelea. O’Connor aliliona hilo, na onyo lake kwamba polisi wangeanza kudaiwa ushahidi wa mwelekeo kabla hata ya kuanza uchunguzi halikujibiwa kikamilifu.

Mbinu ya White ilifuatwa na Jaji Kozinski wa Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa 9 mwaka 2000, safari hii katika kesi ya intaneti. Mrufani alikuwa mtu mzima aliyetafuta watu wazima wenzake watakaoikubali tabia yake ya kuvaa mavazi ya kike. Aliyemjibu alijitambulisha kama mama wa mabinti watatu, akidai anatafuta mwanamume wa kuwa “mwalimu” wao. Mrufani hakuelewa mara moja. Alizungumzia ndoa, familia na malezi. Kila alipolipeleka jambo upande huo, “mama” alilirudisha kwa watoto, na kumwonyesha kwamba asipokubali uhusiano utakufa. Baada ya miezi kadhaa aliandika mambo ya kuchukiza, akasafiri kutoka Florida hadi California, akakamatwa.

Kozinski anasoma barua hizo kwa mpangilio wa tarehe, moja baada ya nyingine, na kwa kila moja anauliza wazo jipya limeletwa na nani. Hapo ndipo ubora wa hukumu yake ulipo. Barua mbaya zaidi za mrufani, ambazo bila shaka ndizo jopo la raia waamuzi lilizozikumbuka, zilikuja mwisho. Maneno yaliyotamkwa baada ya ushawishi hayawezi peke yake kuthibitisha kilichokuwa moyoni kabla ya ushawishi. Hukumu ya hatia ikatenguliwa. Mmoja wa majaji watatu hakukubaliana, na kutokubaliana kwake kuna msingi: mtu anayefikishwa hapo kwa barua tu, bila tishio na bila fedha, huenda alikuwa na kitu ndani yake kilichongoja kuitwa. Jibu la Kozinski ni kwamba “huenda” si kiwango cha ushahidi katika jinai. Jibu hilo ni sahihi, ingawa halimfariji msomaji, na hukumu haijaribu kumfariji.

Maneno matupu na hatua

Hoja ya pili ya warufani haihusu ushawishi bali kosa la kujaribu. Kwa kuwa mtoto hayupo, kosa lenyewe haliwezi kukamilika, linabaki jaribio. Utetezi kwamba jambo lisilowezekana haliwezi kujaribiwa umekataliwa na mahakama za rufani za shirikisho moja baada ya nyingine, na hapa hapana la kukawia: anayemwaga sumu katika kikombe kitupu akidhani kina chai amejaribu kuua.

Swali gumu ni lini maneno yanakuwa jaribio. Mwaka 2008 Jaji Posner wa Mzunguko wa 7 alitengua hatia ya mtu wa kusini mwa Indiana aliyezungumza ngono na askari wa kaskazini mwa jimbo hilohilo, aliyejifanya msichana wa miaka 14. Walizungumzia uwezekano wa kukutana, lakini siku haikupangwa, wala mahali. Kwa Posner, watu wengi husema mtandaoni mambo ambayo hawatayatenda kamwe, na sheria ya jaribio inadai hatua inayomtenga mtendaji na msemaji. Aliona pia kwamba jaji wa mwanzo alikosea kumkatalia mtaalamu wa saikolojia kutoa ushahidi kuhusu mwelekeo wa mrufani kuishia kwenye maneno.

Hukumu hiyo imependwa na mawakili wa utetezi, na ni rahisi kuona sababu. Hata hivyo, ina ufa. Kosa la kifungu cha 2422(b) si kufanya ngono na mtoto; ni kumshawishi. Ushawishi hutendwa kwa maneno. Mtu aliyeandika kwa wiki nyingi akimjenga mtoto aone kwamba ngono na mtu mzima ni jambo la kawaida amekwisha kutenda kile sheria inachokiogopa, hata kama hajajaza petroli katika gari. Posner, kwa kutafuta hatua nje ya mazungumzo, anapima safari badala ya ushawishi. Anapata jibu zuri kwa mtu aliyekuwa akijisifu tu, lakini kipimo chake kingeweza kumwachia huru mrubuni mvumilivu asiye na haraka ya kusafiri, na kumfunga mropokaji aliyekata tiketi ya basi kisha asisafiri.

Kitenzi cha kosa

Ufa huo ulizibwa kwa kiasi fulani na Mahakama ya Rufani ya Wilaya ya Columbia mwaka 2014. Katika shauri hilo mrufani hakuzungumza na “mtoto” yeyote. Alizungumza na askari aliyejifanya mtu mzima mwenye uwezo wa kuwafikia watoto. Je, anayepanga na mtu mzima amemshawishi mtoto? Mahakama ilikataa majibu mawili mepesi. Haikukubali kwamba lazima mawasiliano yawe ya moja kwa moja na mtoto. Wala haikukubali kwamba kupanga tu na mtu mzima kunatosha. Ilidai kwamba maneno kwa mtu wa kati yawe yamelenga kugeuza au kushinda utashi wa mtoto. Kwa kuwa jopo lilikuwa limeelekezwa vingine, hatia ikatenguliwa.

Sheria hiyo ina vitenzi vinne. Kwa Kiswahili vinaweza kuwekwa kuwa kushawishi, kuvuta, kurubuni na kulazimisha. Kati ya hivyo, kurubuni ndicho kinachobeba kile ambacho mahakama hiyo iliona kikikosekana katika maelekezo kwa jopo: mrubuni hamtumii mtu tu, humgeuza nia kwa hila hadi akubali kile ambacho angekikataa. Mtu anayekubaliana na “baba” bandia juu ya siku na saa anaweza kuwa ametenda uovu mkubwa, na pengine sheria nyingine inamfaa, lakini kama hakulenga nia ya mtoto kwa namna yoyote, kusema amerubuni ni kukitumia kitenzi vibaya. Hii ndiyo hukumu makini kuliko zote zinazojadiliwa hapa, na umakini wake unatokana na jambo dogo: ilisoma kitenzi cha sheria kabla ya kusoma mazungumzo. Posner angefanya hivyo asingehitaji safari.

Kutoka kwa mtu kwenda kwenye mahali

Kanada imefuata njia nyingine. Huko utegaji haramu haumfanyi mtu asiwe na hatia. Humfanya jaji asitishe shauri ili mahakama isishirikiane na uovu wa polisi. Uingereza ilikubali mwelekeo wa namna hiyo katika Looseley mwaka 2001. Kwa hiyo swali halielekezwi katika moyo wa mshtakiwa bali katika mwenendo wa dola, na faida yake ni dhahiri: hakuna tena uchimbaji wa tabia za zamani za mtu ili kuthibitisha “mwelekeo”.

Mwaka 2019, katika Morrison, Mahakama ya Juu ya Kanada ilifuta dhana ya kisheria iliyosema kwamba mshtakiwa akiambiwa mtandaoni kuwa anaongea na mtoto, basi anachukuliwa kuwa aliamini, isipokuwa kuwe na ushahidi wa kinyume. Hoja ya mahakama ilikuwa thabiti. Mtandaoni watu hudanganya kuhusu umri, kazi, jinsia na kila kitu. Kuambiwa si kuamini. Upande wa mashtaka ukabaki na kazi ya kuthibitisha imani hiyo bila kuacha shaka ya maana.

Miaka 3 baadaye, katika Ramelson, umakini huo ulipungua. Kati ya mwaka 2014 na 2017 polisi wa York, Ontario, waliweka matangazo katika sehemu ya huduma za ngono ya tovuti ya Backpage. Mtu alipoandika na kukubaliana na bei, ndipo askari alipomwambia kwamba “yeye” hajafikia miaka 18. Waliokamatwa walifika 104. Mahakama iliamua kwa kauli moja kwamba polisi walikuwa na shaka ya msingi, si juu ya mtu fulani, bali juu ya mahali palipofafanuliwa vya kutosha, na kwamba mahali pa mtandaoni panapaswa kupimwa kwa kazi yake na namna watu wanavyokutana humo kuliko kwa ukubwa wake tu.

Hoja hiyo ina nguvu inapoeleza kwamba ukurasa wa intaneti si mtaa, kwamba polisi anaweza kuwafikia wengi mno kwa mara moja, na kwamba faragha ya wasomaji wa kawaida iko hatarini. Inalegea inapofika kwenye utekelezaji. Mlango wa kuingilia ulikuwa tangazo la watu wazima. Kosa lililopendekezwa baadaye lilikuwa la watoto. Uhusiano wa mambo hayo mawili ulitegemea kwa sehemu kubwa uzoefu wa ofisa wa uchunguzi, aliyefahamu kwamba wasichana wadogo walikuwa wakiuzwa kupitia sehemu hiyo. Ufahamu huo ni wa kuheshimiwa, na mateso ya wasichana hao ni ya kweli. Lakini hapakuwa na mbinu ya kumtenganisha aliyekuja kumtafuta mtoto na aliyekuja kumtafuta mtu mzima, akaambiwa umri baada ya kukubaliana, na hakuondoka. Huyo wa pili ana hatia, na hakuna anayemtetea. Swali la Mahakama, hata hivyo, lilikuwa kama dola ilikuwa na haki ya kumjaribu, na kujibu swali hilo kwa kuonyesha kwamba alishindwa jaribio ni kuzunguka palepale. Hukumu inakaribia sana kosa hilo.

Wategaji wasio wa dola

Kanuni zote hizi zinadhani mtegaji ni dola. Uingereza kumezuka vikundi vya raia vinavyojifanya watoto, kupanga miadi, kisha kumvamia mtu kamera zikiwa zinarekodi na kukabidhi mazungumzo kwa polisi. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ya Uingereza na Wales ilimrekebisha jaji aliyekuwa amesitisha shauri la namna hiyo, ikieleza kwamba mwenendo wa raia hauwezi kulinganishwa moja kwa moja na wa polisi. Mwaka 2020, katika rufani kutoka Uskoti, Mahakama ya Juu ya Uingereza, kupitia Lord Sales, iliamua kwamba anayemwandikia mtu anayemdhani kuwa mtoto wa miaka 13 kwa lengo la ngono hawezi kutarajia ulinzi wa faragha chini ya kifungu cha 8 cha Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, na kwamba dola ina wajibu wa kuwalinda watoto.

Kuhusu mrufani aliyekuwa mbele yake, uamuzi huo haupingiki kirahisi. Ujumbe aliotuma haukuwa siri inayostahili heshima. Lakini hukumu ilijibu swali la ushahidi, na ikaliacha nje ya mjadala swali la kikundi. Polisi akitega, kuna kitabu cha miongozo, kuna mkuu wake wa kazi, na kuna jaji wa kumuuliza alipata wapi shaka yake. Raia mwenye kamera hana hata kimoja kati ya hivyo, na picha anazorusha haziwezi kurudishwa hata rufani ikishinda. White angeuliza raia huyo alianza kumwandikia mtu lini, na akiwa anajua nini juu yake. Lord Sales hakulazimika kuuliza, kwa kuwa aliyeuliza hayo daima alikuwa akiielekea serikali.